Leo ni jana ya wajukuu

Jumamosi moja jioni, mvua ikinyesha bila huruma na magari yakiwa yamekwama katika barabara ya Outering, nilibisha hodi kwenye nyumba moja ya mtaa wetu wa Donholm, jijini Nairobi. Nilikuwa nimealikwa na vijana wapatao wanane ambao hukutana kila mwisho wa mwezi kutazama filamu za kubuni za kisayansi na kuzijadili. Baadhi yao ni wanafunzi wa vyuo vikuu, mmoja ni fundi wa simu, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na Historia, nilialikwa nadhani kwa heshima ya mvi zangu. “Mwalimu, leo utajionea mambo,” mwenye nyumba aliniambia huku akinisogezea kiti. Naam, nilijionea.

Walichokitazama ni kipindi cha sehemu mbili katika mfululizo wa Star Trek: Deep Space Nine, kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani Januari 1995. Kipindi hicho kiliitwa “Past Tense”, jina ambalo mwalimu yeyote wa lugha atalitambua mara moja, kwa kuwa ndilo istilahi ya sarufi tunayoiita wakati uliopita.

Kisa chenyewe ni hiki. Kamanda Benjamin Sisko na wenzake wawili, daktari Bashir na mwanasayansi Dax, ni watu wa karne ya 24. Mtambo wa kuwasafirisha unakwenda mrama, na badala ya kuwashusha San Francisco ya siku zao, unawatupa katika San Francisco ya mwaka 2024. Dax, mwanamke mweupe aliyevaa vizuri, anaokotwa na tajiri mmoja, anakirimiwa na kutafutiwa kitambulisho. Sisko, ambaye ni mtu mweusi, na Bashir, ambaye mwigizaji wake alizaliwa Sudan, wanaamshwa na walinzi wenye bunduki. Hawana vitambulisho. Basi wanaswagwa hadi katika mtaa uliozungushiwa ukuta, ambako serikali imewatupa watu wasio na kazi wala makao, ili wenye nacho wasiwaone.

Sisko ni msomi wa historia. Anafahamu kwamba siku chache tu zijazo ghasia zitazuka katika mtaa huo, na kwamba mkazi mmoja, Gabriel Bell, atayatoa maisha yake ili mateka wasiuawe. Kifo cha Bell ndicho kitakachoifanya Marekani ijionee haya na kubadili mwenendo. Lakini Bell anauawa kabla ya siku yake, akijaribu kumwokoa Bashir katika ugomvi wa kadi za chakula. Papo hapo mustakabali wote unafutika kama maandishi ubaoni. Sisko anabaki na njia moja tu: kulitwaa jina la Bell na kuyatenda ambayo Bell angaliyatenda.

Hapo sehemu ya kwanza ikakoma, na hapo hapo stima zikapotea mtaa mzima. Mishumaa ikawashwa. Vijana, badala ya kunung’unika, wakaanza kubishana.

Mwanafunzi mmoja wa fizikia alishikilia kwamba msafiri wa wakati hana ruhusa ya kugusa lolote. Aliyafananisha yaliyopita na nyumba ya jirani: unaweza kuchungulia dirishani, lakini huna haki ya kuhamisha viti. Fundi wa simu akamjia juu. “Mamia ya watu wafe ili vitabu vya historia visiharibike?” aliuliza. “Mimi ningalianza kwa kuubomoa ule ukuta.” Mwalimu wa shule ya msingi akajaribu kusuluhisha, wasisikizane.

Ndipo msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa kimya tangu mwanzo, aliposema jambo lililotunyamazisha sote. Alisema kwamba yeye hahitaji kwenda San Francisco. Lau angalipata mtambo huo, angalikwenda hapa hapa Eastlands, mwendo mfupi kutoka kiti alichokalia, hadi asubuhi ya Aprili 24, 1954. Angalibisha mlango mmoja katika mtaa wa Bahati na kumwambia baba mzazi wa nyanya yake: toka, kimbia, wanakuja.

Kwa manufaa ya wanafunzi ambao huenda tarehe hiyo haiwaambii kitu, nieleze. Siku hiyo, ambayo pia ilikuwa Jumamosi, serikali ya kikoloni ilianzisha msako mkubwa wa Hali ya Hatari jijini Nairobi, ulioitwa Operesheni Anvil. Askari na wanajeshi wapatao 25,000 waliuzingira mji. Mitaa ya Waafrika ilifungwa, watu wakatolewa majumbani, vitambulisho vikakaguliwa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Walipelekwa Langata kuchujwa, na kutoka huko maelfu wakasafirishwa hadi kambi za Manyani na Mackinnon Road. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini. Wake na watoto wengi walirudishwa kwa nguvu katika maeneo yaliyotengewa Waafrika.

Tazama, msomaji, jinsi ardhi inavyokumbuka hata wenyeji wanaposahau. Jogoo Road tunayoipita kila siku tukienda mjini iliitwa Doonholm Road zama za ukoloni, na mtaa wetu wa Donholm ulirithi jina la shamba la ng’ombe wa maziwa la mlowezi Mskoti. Barabara iliyobeba jina la shamba lake ilipita kando ya mitaa ambayo Mwafrika hangeweza kuishi bila karatasi ya kumruhusu. Mtaa uliozungushiwa ukuta, mtu asiye na kitambulisho, askari mlangoni: mambo ambayo waandishi wa Marekani waliyabuni na kuyapeleka mwaka 2024, wazee wetu waliyaishi mwaka 1954.

Kijana wa fizikia, kwa upole niliopenda kuuona, alimuuliza yule msichana swali ambalo wapenzi wa hadithi hizi hulijua sana. “Dada, baba yake nyanya asingalikamatwa, nyanya yako angalipelekwa kijijini?” La, asingalipelekwa. “Na asingalipelekwa huko, angalikutana na babu yako?” Msichana akainamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kuona mwisho wa hesabu hiyo. Lau angalimwokoa mzee yule, yeye mwenyewe asingalizaliwa. Yale yale yaliyomdhulumu mzee ndiyo yaliyomleta mjukuu duniani.

Sikulala mapema usiku ule. Nililifikiria swali hilo, na nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba vijana wale, bila mtaala wala mkaguzi, walikuwa wamefundishana somo ambalo shule zetu hulikwepa. Ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kukemewa kwa kuchanganya viambishi viwili, -nge- na -ngali-. Tuliwakaririsha: nge kwa nge, ngali kwa ngali. “Ningesoma, ningefaulu” humaanisha kwamba nafasi bado ipo. “Ningalisoma, ningalifaulu” humaanisha kwamba nafasi imekwisha kupita, mtihani umefanywa, majibu yametoka. Tulifundisha hivyo kwa ajili ya alama mbili za mtihani, tukaendelea na sarufi nyingine. Hatukuwaambia kwamba kati ya viambishi hivyo viwili kuna tofauti kati ya majuto na wajibu.

Hadithi za safari ya wakati zimejaa -ngali-. Ndiyo maana zinatuvuta. Hakuna binadamu asiye na mlango mmoja huko nyuma ambao angalipenda kuubisha tena. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume. Lakini hadithi nzuri ya aina hii haimwachi mtazamaji katika -ngali-. Inampeleka nyuma ili imwonyeshe kwamba wale watu wa kale, wakati wao, hawakuwa katika wakati uliopita. Walikuwa katika -nge-. Hawakujua mambo yatakwisha vipi, na walikuwa na nafasi ya kuchagua.

Hilo ndilo ambalo ufundishaji wa Historia umelipoteza. Tunamfundisha mtoto tarehe, chanzo kwa nukta tano, matokeo kwa nukta tano. Anatoka darasani akiamini kwamba mambo yalitukia kwa sababu yalipaswa kutukia, kama mvua za masika. Ukoloni ulikuja, uhuru ukapatikana, basi. Waliopigana walikuwa mashujaa toka tumboni, na waliosaliti walikuwa wasaliti toka tumboni. Mtoto aliyefunzwa hivyo hawezi kujiona ndani ya historia, kwa maana yeye si shujaa wa vitabuni, wala hana tarehe.

Chukua mfano wa Machi 16, 1922. Mwanafunzi wa shule ya sekondari atakwambia kwamba Harry Thuku alikamatwa, watu wakaandamana, wakapigwa risasi. Majibu sahihi, alama zote. Lakini tumweke mwanafunzi huyo pale nje ya kituo cha polisi cha Nairobi asubuhi hiyo, kama Sisko alivyowekwa San Francisco. Thuku, ambaye amekuwa akipinga kipande na kodi, yuko ndani. Wajumbe wa waandamanaji wamekwenda kuonana na wakuu wa serikali, na wamerudi wakiwasihi watu watawanyike. Baadhi wameanza kugeuka waende zao. Wakati huo ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, anaposimama mbele na kuwasuta wanaume kwa ishara nzito ya kuinua nguo yake, akiwaambia kwamba kama wao wameshindwa, basi wavue suruali zao wampe. Umati unageuka, unasonga mbele, na bunduki zinalia. Nyanjiru ni miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilikiri vifo 21, na wengi walioshuhudia walishikilia kwamba vilikuwa zaidi ya hivyo.

Sasa muulize mwanafunzi. Je, wale wajumbe walikosea kuwataka watu waende nyumbani? Walitaka kuepusha damu, na damu ilimwagika. Je, Nyanjiru alikosea? Lau angalinyamaza, watu 21 au zaidi wangaliamka kesho yake, naye akiwamo. Lakini je, tungalikuwa na nini cha kukumbuka? Hakuna jibu la nukta tano hapo. Ila mwanafunzi aliyelijadili swali hilo kwa saa moja ataondoka akijua kwamba historia ya Kenya iliwahi kutegemea kama mwanamke mmoja, asiye na cheo, angefungua kinywa au angekifunga.

Najua kuna wenzangu watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba hizi ni filamu za kigeni, na kwamba vijana wetu wamekwisha kumezwa na mambo ya ng’ambo. Ninaiheshimu hofu hiyo, kwa kuwa niliwahi kuwa nayo. Hata hivyo, tusisahau kwamba mfululizo wa kwanza wa Star Trek, ulioanza mwaka 1966, ulimpa afisa wake wa mawasiliano jina la Uhura, lililochongwa kutokana na neno letu uhuru, na kwamba katika vipindi viwili Kiswahili kilisikika ndani ya chombo kile. Wao walikuja kuazima kwetu pale walipotafuta jina la kesho.

Isitoshe, sanaa hii si ngeni katika fasihi yetu. Mwaka 1995, mwaka ule ule “Past Tense” ilipoonyeshwa, Mkenya mwenzetu Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa, anafika katika ulimwengu ambako dhuluma imekomeshwa. Jina la ulimwengu huo likifumbuliwa ni “wale ni sisi”. Mkangi, ambaye mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, hakuhitaji kufunzwa na Hollywood kwamba safari ya mbali ndiyo njia fupi ya kujitazama. Ni wanafunzi wangapi wanaoijua riwaya hiyo? Kosa si lao. Ni letu sisi tuliowapa mwongozo wa majibu kabla ya kuwapa kitabu.

Wapinzani wa pili wana hoja nzito zaidi. Watasema kwamba maswali ya “ingalikuwaje” huzaa uvivu wa fikra, kwamba kila mtu atajitungia historia anayoipenda na kuwaacha wanafunzi bila msingi. Hoja hiyo ina ukweli. Fundi wetu wa simu aliyetaka kuubomoa ukuta hakutuambia angaliwapeleka wapi wale watu elfu kadhaa waliokuwa ndani, wala angalikabili vipi askari wenye bunduki. Lakini hiyo ndiyo faida ya swali. Huwezi kulijibu kwa maneno matupu. Ukitaka kusema wajumbe wa mwaka 1922 wangalifanya nini, sharti kwanza ujue walikuwa kina nani, sheria ilisemaje, na nani alikuwa na silaha. Swali zuri la -ngali- humrudisha mwanafunzi maktabani kuliko swali la “taja na ueleze”.

Kisha kuna jambo ambalo sote tulilitambua jioni ile, ingawa ilichukua muda mtu kulitamka. Mwaka 2024, ambao waandishi wale waliuona kwa mbali, umekwisha kuja na kupita. San Francisco haikujenga ule mtaa wa ukuta. Hata hivyo, hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1994, wakiwa kazini, walisoma gazetini pendekezo la kuwatengea maskini wasio na makao eneo lenye ua katikati ya Los Angeles. Na Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala nje hadharani, hata kama hawana pengine pa kulala.

Na sisi je? Siku tatu kabla ya uamuzi huo, Juni 25, 2024, vijana wa Kenya waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, na risasi zikapigwa katikati ya jiji. Siku ya pili Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini mswada ule. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Katika chumba kile cha Donholm, wawili walikuwa wamekwenda mjini siku hiyo. Hawakutaka kusimulia, nami sikuwashurutisha.

Nililosema ni hili. Miaka 70 kutoka sasa, kijana fulani atakaa katika nyumba fulani na kutamani kuirudia Juni 2024. Atataka kubisha mlango wa mmoja wa wale 39 na kumwambia asitoke, au kumbishia askari mlango na kumwambia asifyatue, au kumbishia mbunge na kumwambia asome vizuri kabla ya kupiga kura. Hatakuwa na mtambo. Lakini sisi hatuuhitaji mtambo huo, kwa kuwa milango yote hiyo bado tunaijua ilipo. Kwake yeye mambo haya yatakuwa -ngali-. Kwetu baadhi yake bado ni -nge-. Kesi hazijaisha kusikizwa, sheria bado zinatungwa, na watoto wa waliouawa wako madarasani mwetu.

Stima zilirudi saa tatu kasoro. Tulitazama sehemu ya pili. Sisko anasimama mahali pa Bell, mateka wanaokoka, lakini askari wanauvamia mtaa na mamia ya wakazi wanauawa. Walinzi wawili waliokuwa mateka wanasaidia kuficha siri yake. Anaporejea katika karne yake, anafungua kumbukumbu za historia na kukuta kwamba picha ya shujaa Gabriel Bell sasa ina sura yake mwenyewe. Vijana walicheka, kisha wakanyamaza. Nadhani kila mmoja alielewa kwamba picha hiyo haina mwenyewe maalumu. Atakayesimama mahali pale ndiye sura yake itakayobaki.

Tulipokuwa tukiagana mlangoni, yule msichana alinijia. Aliniambia kwamba nyanya yake, aliyekuwa mtoto wa miaka minane siku baba yake alipochukuliwa, bado yu hai na akili zake ni timamu. “Sijawahi kumwuliza, Mwalimu,” alisema. “Nilidhani nitamwumiza.” Nikamwambia amwendee, amsalimu vizuri, amwulize kwa adabu, na kama mzee atakataa, asimlazimishe.

Hilo basi ndilo ombi langu kwa walimu wenzangu wa Historia na wa Kiswahili. Aliyekuwa na miaka minane mwaka 1954 sasa amepita 70 na ushei, yuko mbioni kuelekea 80 au amekwisha kuzivuka. Watu hao wanapungua kila mwezi. Muhula ujao, kabla ya kuwapa wanafunzi nukta tano za chanzo na nukta tano za matokeo, wapeni kazi moja: kila mmoja amwendee mzee wa jamaa au wa jirani, amwulize siku moja aliyoiona kwa macho yake, na aiandike kwa Kiswahili sanifu. Kisha mjadili darasani nini kingaliweza kutendeka siku hiyo, na nani alikuwa na uwezo wa kukitenda. Mkimaliza, futeni ubao na mwandike swali la pili, kwa -nge-.